Nyuzi 18 za Nani?

Asalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, mkeka bado una nafasi.

Nimeitwa nijibu swali moja: zile tahadhari za baridi zinazotolewa kila kipupwe na Mamlaka ya Hali ya Hewa, zinatulinda au zinatudekeza? Aliyenipa swali ni kijana wa hapahapa Mikindani, na alinipa kwa hasira. Aliniambia, "Bibi, kule Makete watu wanaamka wanakuta barafu kwenye majani. Hao waambiwe wavae makoti. Sisi Mtwara tuna baridi gani?"

Nilimwelewa. Mwezi wa saba, alfajiri, hapa mjini kipimajoto kinacheza karibu na nyuzi 20. Huko Uingereza, wakati wa majira yao ya baridi, watu wanashauriwa wasiruhusu chumba wanachokaa kishuke chini ya nyuzi 18. Kwa hiyo baridi yetu ya nje inakaribiana na joto lao la ndani. Tukiishia kwenye namba, kijana ameshinda.

Siwezi kuishia hapo. Nilikuwa muuguzi miaka 31, na mingi ya hiyo niliimaliza kule juu, Newala.

Anayeijua Newala anajua ninachosema. Mji umekaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na ukisimama pale unaliona bonde la Ruvuma chini yako. Kipupwe kikiingia, ukungu unapanda usiku, na asubuhi mkorosho wa pili kutoka mlangoni kwako huuoni. Wakulima wa korosho ubaridi huo wanaujua kuliko sisi sote, maana ndio unaoleta ubwiriunga kwenye maua. Ukungu ukishika siku mbili tatu, mkulima hangoji kuambiwa. Anakwenda kukagua maua, anatafuta salfa. Mti wake haulindi kwa kuangalia namba, anaulinda kwa sababu anajua ua la mkorosho ni dhaifu.

Sasa niwaambie habari ya mtoto.

Alfajiri moja ya mwezi wa saba mama aliletwa kwa bodaboda. Alikuwa amejifungulia nyumbani kabla ya miezi kutimia, mtoto kavingirishwa kanga moja, nayo bado mbichi. Nikamshika mguu. Mguu wa mtoto mchanga aliye mzima una joto la yai lililotagwa sasa hivi. Ule ulikuwa kama jiwe la chini ya mtungi. Nikaweka kipimajoto kwapani, nikangoja. Zebaki haikupanda. Nikakikung'uta, nikarudia, haikupanda. Nikadhani ni kibovu, nikaenda kuchukua kingine. Kumbe vipimajoto vile vya kawaida vinaanzia nyuzi 35, na mtoto alikuwa chini ya hapo. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5.

Kituo chenyewe sitakitaja. Kipimajoto cha nyuzi za chini hakikuwepo, na dirisha la wodi lilikuwa limevunjika tangu masika, nasi tulikwishaandika barua mbili. Tukamvua ile kanga, tukamkausha, tukamvika kofia, tukamlaza kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, blanketi juu ya wote wawili. Jua lilipokuwa limekwisha kupanda, alianza kutafuta ziwa. Aliishi. Wa wiki iliyofuata, aliyekuja kwa njia ileile, kwa baridi ileile, hakuishi.

Na nje, asubuhi zote mbili, ilikuwa baridi ambayo mwanamume mzima angeimaliza kwa shati la mikono mirefu.

Sababu ni mwili wenyewe. Mtoto mchanga hatetemeki kama wewe. Mafuta chini ya ngozi anayo machache, hasa akiwa njiti, na kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, kwa hiyo joto linamtoka haraka. Akizaliwa ana maji, maji yakikauka yanaondoka na joto lake. Ili ajipashe anachoma sukari aliyo nayo, na sukari ikiisha hana nguvu hata ya kunyonya. Mzee naye ana yake. Baridi inabana mishipa, presha inapanda, moyo unafanya kazi kupita kiasi, na kifua kinashikwa kwa urahisi. Mzee haanguki usiku wa baridi yenyewe tu. Anaweza kuanguka siku kadhaa baadaye, watu wakasema ni umri.

Mwaka 2015 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliopitia vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Baridi ilihusishwa na asilimia 7 na ushei ya vifo hivyo, joto halikufika hata nusu asilimia. Na sehemu kubwa ya vifo vya baridi haikutokana na baridi kali ya kuganda. Ilitokana na baridi ya wastani, ile ambayo mtu anasema "leo kuna kaubaridi" halafu anaendelea na shughuli zake. Katika nchi hizo 13 hakuna hata moja ya Afrika, nalo linanikera, kwa sababu watoto wangu wa Newala hawakuhesabiwa popote.

Kwa hiyo jibu langu kwa kijana ni kwamba tahadhari haikudekezi. Wewe haikuzungumzii kabisa. Kosa ni kwamba inasomwa kana kwamba inakuzungumzia.

Tazameni Uingereza wanavyofanya. Kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi wana mfumo wa tahadhari za baridi wa rangi: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Tangu 2023 rangi haitolewi kwa kuangalia nyuzi peke yake, wanaangalia baridi hiyo itamdhuru nani na kwa kiasi gani. Na ujumbe unakwenda kwanza kwa wahudumu wa afya na wanaotunza wazee. Mwenye nguvu zake hafungiwi ndani. Anaombwa akamjulie hali jirani yake mzee.

Kwetu Mamlaka hutoa mwelekeo wa kipupwe kwa Juni, Julai na Agosti, na ndani yake mna ushauri wa afya, wa kilimo, wa mifugo. Lakini mpaka ufike redioni umebaki mstari mmoja: "Wananchi wavae nguo nzito." Wananchi gani? Mstari huo haumwambii mwenye bodaboda kwamba mama mwenye kichanga akimpandisha alfajiri, kichanga kikae kifuani ndani ya nguo, kisishikwe mkononi. Haumwambii bibi asimwogeshe mjukuu siku aliyozaliwa. Haumwambii mtu asiingize jiko la mkaa chumbani akafunga mlango. Hili la mwisho narudia, maana ukimwambia mtu ajikinge na baridi bila kumwonyesha namna, ataingiza jiko. Hewa yake yenye sumu haina rangi wala harufu. Watu wanalala hawaamki.

Baba zangu wavuvi, nawaona mnatikisa vichwa, mnasema afadhali baridi, kuna zile tahadhari za upepo. Najua. Aprili 2019 tuliambiwa kimbunga Kenneth kinakuja, watu wa mabondeni na wa ufukweni wakahama, nacho kikaingia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Wengi wakasema tumetishwa bure. Wenzetu wa Msumbiji walizika makumi ya watu. Halafu Mei 2024 kikaja kingine, Hidaya, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Kilwa. Lakini malalamiko yenu mengine ni ya haki. Kusi likivuma na mkaambiwa msiende baharini siku tatu, aliyetii ndiye anayelala na njaa. Hilo halijibiwi kwa kuwaambia muwe wavumilivu, na mimi sitawaambia hivyo. Nataka taarifa iseme saa na mahali, Msimbati peke yake, Mikindani peke yake, ili mvuvi apoteze asubuhi moja badala ya siku tatu.

Nilikuja na kapu. Lipo pale kwa mwenyekiti. Ndani yake mna kofia za watoto wachanga, nimezifuma tangu Ramadhani, sitini na nne. Mwenye mjamzito nyumbani achukue moja. Madereva wa bodaboda, ninyi chukueni mbilimbili, mkae nazo kwenye pikipiki. Zikiisha, niachieni majina.