Treni Ndogo Inayoshtukashtuka: Anza Relini, Mota Ingoje

Hamjambo watazamaji, karibuni tena mezani kwangu hapa Kisumu. Mtasikia pikipiki zikipita nyuma, mnisamehe. Kwa joto la leo dirisha silifungi.

Tazameni hii kwanza. Ni injini ya dizeli ya kipimo cha HO, maana yake imepunguzwa mara 87 kutoka ile ya kweli. Niliiokota soko la Kibuye siku ya Jumapili, chini kabisa ya lundo la vitu vya watoto vya mtumba, haina sanduku na bafa moja, yaani kile kikinga-kugongana cha mbele, imevunjika. Sasa naongeza stima kidogokidogo. Mnaona? Inaondoka, inashtuka, inasimama. Nikiigusa kwa kidole inaenda tena. Na taa ya mbele inapepesa. Hiyo taa iwekeni akilini, nitairudia.

Wengi wakiona hivi wanasema mota imekufa. Mimi mwenyewe niliwahi kuagiza mota mpya kwa injini nyingine, nikaingoja wiki sita, nikaifunga kwa shangwe, na ile injini ikaendelea kushtuka kama jana yake. Kumbe ni uchafu mweusi magurudumuni. Kazi ya dakika tano. Ile mota ya zamani bado iko kwenye droo hii, nzima kabisa, inanicheka.

Kwa hiyo leo tutafuata njia ya stima yenyewe. Inatoka kwenye kontrola, kile kisanduku cha kuongeza na kupunguza stima, inapita relini, inapanda kwenye magurudumu, inapokelewa na vibati vyembamba vinavyogusa magurudumu kwa ndani, inaingia kwenye waya, ndipo inafika motani. Mota nayo inazungusha gia. Tutaitafuta hitilafu kwa mpangilio huohuo, toka chini kwenda juu.

Bisibisi bado usiishike. Chukua chaki. Izungushe injini raundi tatu, polepole, na kila inaposhtuka chora alama pembeni ya reli. Ikiwa alama zinarundikana mahali pamoja, mgonjwa ni reli. Zikitapakaa kila mahali, mgonjwa ni injini. Na ikiwa inashtuka kwa mapigo, tak, tak, tak, kila baada ya sentimita tatu na nusu hivi, basi ni kitu kinachozunguka pamoja na gurudumu, kwa sababu gurudumu la ukubwa huu likizunguka mara moja linakula karibu umbali huo.

Haya, kamera isogee hapa. Alama zangu: tatu ziko kwenye kiungo hiki kimoja, kibati kinachounganisha vipande viwili vya reli, nyingine zimetawanyika. Maana yake tuna magonjwa mawili, na ukitibu moja ukaacha lingine utadhani hujafanya kitu.

Tuanze na kiungo. Mita ya kupimia stima naiweka kwenye volti za DC. Hapa watu wengi hudanganyika: wanapima reli ikiwa tupu, wanasoma 12 kila mahali, wanasema reli ni nzima. Reli tupu haina mzigo, hata kiungo kibovu kitapitisha volti za kukuonyesha. Pima huku injini imekwama palepale na stima imewashwa. Kabla ya kiungo nasoma 11.8. Nahamisha ncha za mita upande wa pili wa kiungo… 7.3. Volti nne na nusu zimemezwa na kipande cha bati kisichozidi ukucha! Nakichomoa, nakisugua ndani kwa ncha ya kisu kidogo, nakibana kwa koleo kidogo tu, narudisha. Kikilegea tena nitalehemu kipande cha waya kuvuka kiungo, na hiyo ndiyo dawa ya kudumu. Sisi wa karibu na ziwa, hewa yetu ina unyevu, na bati hushika kutu na weusi haraka.

Kidogo pembeni: kati ya reli hizi mbili kuna milimita 16.5. Zidisha mara 87 utapata kama milimita 1,435, kile kipimo cha SGR ya Mombasa hadi Nairobi. Lakini reli iliyofika hapa Kisumu mwaka 1901, enzi hizo pakiitwa Port Florence, ni ya mita moja kamili, na kwa kipimo hiki ingekuwa milimita 11 na nusu hivi. Kwa hiyo mkinipigia kelele kwamba stesheni yangu ya Kisumu pale nyuma ina reli pana mno, mna haki. Najua. Tuendelee.

Usafi wa reli. Kitambaa kisicho na manyoya na isopropili, ile wanayouza kwa mafundi wa simu. Usichukue spiriti ya hospitali, mara nyingi ina mafuta ndani yake, utasafisha na kupaka papo hapo. Thina usiiguse kabisa. Fundi wa simu anaweza kukuambia yeye hutumia thina kwenye bodi zake kila siku na hakuna kilichoharibika. Sawa, lakini gamba hili la nje la injini ni plastiki iliyopakwa rangi, litalainika kama sabuni. Msasa pia hapana: unaacha mikwaruzo, na uchafu unapenda kukaa kwenye mikwaruzo. Stilwuli, yaani nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, ndiyo mbaya kuliko zote. Vipande vyake vinaruka, sumaku ya mota inavivuta, na hapo sasa ndipo utanunua mota kweli.

Magurudumu. Nalaza kitambaa chenye isopropili juu ya reli, bogi moja, yaani seti moja ya magurudumu, inakaa juu yake, nyingine inabaki kwenye reli tupu ipate stima. Naishika injini kwa vidole viwili, nawasha nusu. Magurudumu yanasugua yenyewe. Oneni mistari hii miwili kwenye kitambaa, myeusi kama masizi ya sufuria. Geuza injini, rudia upande wa pili. Angalia kama kuna magurudumu yenye mpira mwembamba kuzunguka ukingo wake. Huo umewekwa ili injini ipate kushika reli, na gurudumu la namna hiyo halipokei stima, kwa hiyo usijisumbue kulipima.

Sasa turudi kwenye taa. Taa ikipepesa wakati uleule mota inaposhtuka, stima haifiki, na kosa liko kuanzia relini hadi kwenye waya. Taa ikiwaka imara huku injini inashtuka, stima imefika salama, angalia mota na gia. Najaribu tena. Taa bado inapepesa, ingawa si kama mwanzo. Basi ni vibati.

Nafungua gamba. Hii ina ndoano nne za plastiki, ninazipanua kwa vijiti vya meno, kijiti kimoja kila kona, halafu navuta kwa upole. Kila waya upige picha kabla ya kugusa kitu. Mita naiweka kwenye mlio, inalia njia ya stima ikiwa imeungana. Ncha moja kwenye mguu wa mota, pale waya unapofungwa, nyingine kwenye gurudumu. Inalia. La pili, inalia. La tatu… kimya. Naligeuza gurudumu kidogo, inalia, inanyamaza. Kamera njoo karibu kabisa. Kibati hiki ni chembamba kama kiwembe, kinatakiwa kukandamiza mgongo wa gurudumu, lakini kimepinda nyuma na kina nywele imejizungusha. Naitoa nywele kwa kibano. Nakirudisha kibati kwa ncha ya kijiti, nusu milimita tu. Ukikizidisha kitakuwa breki.

Mota tuipime kwa haraka. Betri ya volti 9, ile ya mraba, waya mbili moja kwa moja kwenye miguu ya mota. Kama injini yako ni ya dijitali ina kile kibodi kidogo ndani, kitenganishe kwanza, la sivyo utakiunguza. Inazunguka vizuri, haina harufu ya kuungua, haitoi cheche. Ingekuwa inasitasita ningesafisha komuteta, ile pete ya shaba inayozunguka ndani ya mota, kwa pamba ya masikio na kuangalia urefu wa kaboni zinazoigusa. Leo hakuna haja.

Narudisha relini. Taa imetulia kabisa. Lakini sikilizeni… tak. Tak. Tak. Hiyo haikusikika mwanzoni kwa sababu kelele nyingine ziliifunika.

Naweka nukta ya kalamu kwenye kila gurudumu, naiendesha polepole sana. Kwenye ekseli ya pili mlio unakuja nukta ikiwa juu, kila mara. Naichomoa. Chini ya kioo cha kukuzia: gia ya plastiki imepasuka kutoka kwenye tundu la ekseli hadi kati ya meno mawili. Hapo penye ufa meno yameachana, jino linalofuata halipati nafasi yake, linaruka. Ugonjwa huu ni wa kawaida kwa injini zilizozeeka, plastiki inabana chuma miaka mingi mpaka inachoka. Pia mpime umbali kati ya migongo ya magurudumu, uwe kama milimita 14.4. Hapa nasoma 14.9, ufa umeyaachia yateleze nje, na ningeiacha hivi ingeanguka kila inapofika reli zinapogawanyika.

Gundi? Nimejaribu. Plastiki hii ya gia haishiki gundi, itakupa raundi kumi. Nina injini nyingine ya aina hii iliyokufa kwa ajili ya kunyofoa spea, natoa ekseli yake, nasafisha grisi iliyoganda, naweka tone moja la mafuta ya cherehani kwa ncha ya sindano. Tone moja. Mafuta ya kupikia hapana, yataganda kama gundi ambayo gia ilikataa.

Haya, gamba limerudi. Kontrola iko robo. Inaondoka… inakaribia kiungo kile… imepita, taa haikupepesa. Naipunguza hadi inatambaa kama kobe, inapita tena. Nafungia mabehewa matatu nyuma. Hiyo bafa nitaichonga Jumamosi.