Majibu ya Vinyama Yametoka: Upasuaji, Mionzi au Kufuatilia?

MWALIMU: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Dar es Salaam na wa kwingineko. Leo tutajibu ujumbe mmoja tu, kwa sababu umebeba mambo mengi. Umetoka kwa baba wa miaka 64 anayeishi Mbagala. Kipimo chake cha damu cha PSA, protini inayotengenezwa na tezi dume, kilisoma 8, namba iliyo juu ya kawaida, akachukuliwa vinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vya kuchunguzwa, na majibu yakaonyesha saratani ya tezi dume yenye alama ya Gleason ya 3+4. Picha zinaonyesha kwamba ugonjwa bado umo ndani ya tezi. Daktari mmoja amemshauri afanyiwe upasuaji, mwingine amemshauri mionzi, na ndugu zake wanamtaka aingie chumba cha upasuaji wiki hiihii.

DAKTARI: Shikamoo, Mwalimu, na pole nyingi kwa baba yetu wa Mbagala.

MWALIMU: Marahaba, Daktari.

DAKTARI: Naomba nianze na hiyo wiki hiihii. Saratani iliyo ndani ya tezi, yenye alama kama ya kwake, kwa kawaida hukua polepole, na wiki kadhaa za kuuliza, kusikiliza na kupima hazimwondolei nafasi ya kupona. Ndugu wanasukumwa na upendo na hofu, na ninawaelewa, lakini neno saratani likitajwa sebuleni kila mtu huona moto unawaka, wakati mgonjwa huyu ana muda wa kukaa na madaktari wote wawili na kuwasikiliza bila kukimbizwa.

MWALIMU: Hizo namba za 3+4 zina maana gani? Wengi hupewa karatasi na kuondoka nayo bila kuielewa.

DAKTARI: Mfumo huo ulibuniwa na Donald Gleason, mtaalamu wa Marekani wa uchunguzi wa tishu, katika miaka ya 1960. Anayesoma vinyama kwa hadubini hutazama seli zimevurugika kiasi gani, kisha huandika kwanza namba ya muundo uliotawala, na baada yake namba ya muundo unaofuata. Jumla ya 6 ndiyo ya chini katika usomaji wa siku hizi, na 10 ndiyo ya juu. Lakini jumla peke yake haitoshi, kwa sababu 3+4 na 4+3 zote ni 7, ilhali ya pili ni kali zaidi, kwani muundo mbaya ndio uliotawala. Ndiyo maana ninamsihi kila mgonjwa adai nakala ya majibu yake na aitunze. Akienda hospitali nyingine bila karatasi hiyo, daktari atakuwa anakisia.

MWALIMU: Anasema pia kwamba jirani yake alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, akarudi nyumbani baada ya siku chache, na sasa yuko salama. Kwa nini na yeye asifanye vivyo hivyo?

DAKTARI: Hapa pana mkanganyiko unaoumiza watu wengi. Tezi dume huweza kuvimba kwa sababu ya umri bila kuwa na saratani, na upasuaji wa uvimbe huo mara nyingi hukwangua sehemu ya ndani inayobana njia ya mkojo, huku sehemu ya nje ya tezi ikibaki. Upasuaji wa kutibu saratani huondoa tezi yote pamoja na vifuko vya manii, kisha kibofu huunganishwa upya na mrija wa mkojo. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Inawezekana kabisa kwamba jirani alifanyiwa ule wa kwanza, kwa hiyo kupona kwake hakumwambii mzee wetu lolote kuhusu huu wa pili.

MWALIMU: Basi tuje kwenye swali lenyewe. Upasuaji, mionzi, au kusubiri?

DAKTARI: Nisingesema kusubiri, Mwalimu. Ni kufuatilia kwa karibu: PSA kila baada ya miezi michache, vinyama vingine baada ya muda, picha za MRI zinapopatikana, na tiba kuanza mara tu ugonjwa unapoonyesha dalili za kubadilika. Njia hizo tatu zililinganishwa katika utafiti wa ProtecT wa Uingereza, ambapo wanaume 1,643 waliogunduliwa kati ya 1999 na 2009 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi matatu. Baada ya takriban miaka 15, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani chini ya watu 3 katika kila 100, na tofauti kati ya makundi ilikuwa ndogo mno.

MWALIMU: Kwa maneno mengine, wote walikuwa sawa?

DAKTARI: Walikaribiana katika vifo, lakini hawakuwa sawa katika mambo mengine. Saratani ilisambaa mwilini kwa takriban 9 katika kila 100 waliofuatiliwa, dhidi ya takriban 5 katika kila 100 waliofanyiwa upasuaji au kupewa mionzi. Tena, kufikia mwisho wa miaka hiyo, 61 katika kila 100 wa kundi la kufuatiliwa walikuwa wamekwisha kupata upasuaji au mionzi. Upande wa madhara, miaka 6 baada ya kuanza, waliokuwa wakitumia pedi kwa sababu ya kuvuja mkojo walikuwa 17 katika kila 100 kwenye kundi la upasuaji, 8 kwenye kundi la kufuatiliwa, na 4 kwenye kundi la mionzi. Lakini karibu washiriki wote walikuwa weupe, na wengi waligunduliwa mapema mno. Wanaume wenye asili ya Afrika wana hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu, kwa hiyo mimi huzitumia takwimu hizo kwa tahadhari, hasa ninapozungumzia kufuatilia. Siwezi kumshauri mtu afuatiliwe ikiwa nina shaka kwamba atarudi kupima, au ikiwa nauli na gharama za vipimo zitamkatisha njiani.

MWALIMU: Mimi, kama wasikilizaji wetu wanavyojua, nilipewa mionzi pamoja na sindano za kushusha homoni ya kiume kwa miezi kadhaa. Mkojo haukunisumbua sana, lakini tumbo lilinisumbua, haja kubwa ikawa ya ghafla, na sindano zikaniletea joto la mwili usiku pamoja na kupoteza hamu ya tendo la ndoa. Hilo la mwisho sikuambiwa mapema, na mke wangu hakuambiwa kabisa, hivyo akadhani nimemchoka. Laiti angekuwamo chumbani siku ile tuliposhauriana na daktari!

DAKTARI: Ninakushukuru kwa kulisema wazi, Mwalimu. Nguvu za kiume huathiriwa na upasuaji mara moja, kwa sababu mishipa ya fahamu inayohusika imepita pembeni kabisa mwa tezi, na hata mpasuaji hodari huweza kushindwa kuinusuru yote. Kwa mionzi, hupungua taratibu kadiri miaka inavyokwenda. Mgonjwa mmoja atasema bora mkojo usivuje, mwingine atasema hawezi kulala akijua tezi bado imo mwilini, na kwa ugonjwa wa hatua hii wote wawili wana haki ya kuchagua tofauti. Kuna jambo jingine la kupima: aliyeanza na upasuaji anaweza kupewa mionzi baadaye saratani ikirudi, ilhali upasuaji baada ya mionzi ni mgumu na una madhara mengi zaidi.

MWALIMU: Na safari je? Kutoka Mbagala hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa mtu ambaye kibofu chake kinawaka, si jambo dogo.

DAKTARI: Si dogo hata kidogo. Aulize atapewa vipindi vingapi. Utafiti wa CHHiP wa Uingereza, uliochapishwa 2016, ulionyesha kwamba vipindi 20 katika wiki 4 havikuwa na matokeo mabaya kuliko vipindi 37 katika wiki 7 na zaidi. Kwa mtu wa daladala, au aliyetoka mkoani na kufikia kwa shemeji, tofauti hiyo ndiyo huamua kama tiba itakamilika. Aulize pia bima yake inalipia nini kabla hajaanza, si katikati.

MWALIMU: Wapo wasikilizaji ambao majibu yao yamesema saratani imefika kwenye mifupa. Nisingependa tufunge kipindi bila kuwagusa.

DAKTARI: Hao ndio ninaowafikiria zaidi, kwa sababu wengi wetu hufika hospitali tukiwa tumechelewa. Kwao msingi wa tiba ni kushusha homoni ya kiume, njia ambayo manufaa yake yalionyeshwa na Charles Huggins mwaka 1941, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Inaweza kufanyika kwa sindano ya kila mwezi au kila miezi 3, au kwa upasuaji mdogo wa kuondoa korodani. Kwa kuudhibiti ugonjwa, njia hizi mbili hukaribiana. Sindano huacha mwili bila kukatwa, lakini ina gharama isiyokwisha, na anayeikosa kwa kukosa fedha huuachia ugonjwa nafasi. Upasuaji hulipiwa mara moja na homoni hushuka ndani ya saa chache, lakini haurudishwi nyuma, na wanaume wengi huona wamevuliwa heshima yao. Maumivu hayo ni ya kweli, wala daktari asiyadharau. Mpasuaji anaweza kutoa tishu ya ndani pekee na kuacha ganda, ili mfuko usibaki mtupu. Baadhi ya wagonjwa hunufaika zaidi wakiongezewa tibakemikali ya docetaxel au vidonge vya abiraterone, ambavyo huzidi kuishusha homoni hiyo, kwa hiyo waulize kama vinapatikana na vinawafaa.

MWALIMU: Kuna dalili za kukimbilia hospitali?

DAKTARI: Maumivu makali ya mgongo yakiambatana na miguu kuishiwa nguvu au mkojo kuziba ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa. Tena, sindano za aina inayotumika sana huongeza homoni kwa muda mfupi kabla ya kuishusha, ndiyo maana vidonge vya kuzuia homoni hutangulia. Mgonjwa aulize kama amepangiwa vidonge hivyo.

MWALIMU: Swali la mwisho la mzee wetu linahusu wanawe wawili, wa miaka 41 na 36.

DAKTARI: Kuwa na baba mwenye saratani hii huongeza hatari yao takriban maradufu. Yule wa miaka 41 azungumze na daktari sasa kuhusu kupima PSA, na mdogo wake afanye hivyo akifika 40. Ikiwa upande wowote wa ukoo kuna saratani ya matiti au ya ovari, wamwambie daktari, kwa sababu hitilafu ya jeni la BRCA2, inayoongeza hatari ya saratani hizo na ya tezi dume, huweza kurithiwa na wanaume pia. Baba mwenyewe ndiye anayepaswa kuwaambia, na karatasi yake ya majibu awaonyeshe.