Profesa aliyegomea mabwawa: mzee G. D. Agrawal na mto Ganga

BENI: Haya jamani tumerudi, da Zuu yuko hapa na kikombe chake cha chai kama kawaida, mi leo nimekuja na mzee mmoja wa India, Profesa Guru Das Agrawal, injinia.

ZUU: Injinia tena? Wiki ile umetuletea wa madaraja nikasinzia mwenyewe.

BENI: Huyu husinzii. Huyu kafariki akiwa kwenye mgomo wa kula, siku ya 111, ana miaka 86.

ZUU: Subhanallah! Miaka 86? Anadai nini sasa, pensheni?

BENI: Anadai mto. Ganga, ambao sie shule tulisoma Ganges. Ila nianzie nyuma kidogo maana bila huko nyuma utamwona kama mzee tu kachanganyikiwa. Kazaliwa 1932, kasomea uhandisi ujenzi chuo cha Roorkee hukohuko India, akaanza kazi idara ya umwagiliaji ya serikali, yaani hao hao watu wa mabwawa, hafu akaenda Marekani, Berkeley, akachukua uzamivu, akarudi kwao kufundisha IIT Kanpur, chuo kikubwa cha teknolojia, mpaka akawa mkuu wa idara. Hafu India ilipounda ile bodi kuu ya kudhibiti uchafuzi, katibu mjumbe wa kwanza ni yeye.

ZUU: Kwahiyo ni mtu wa mfumo kabisa.

BENI: Wa ndani kabisa! Sa baada ya hapo angeweza kujijengea jumba akala konsaltansi, yeye akahamia mji mdogo wa Chitrakoot, kakibanda kadogo, anafagia mwenyewe, anapika mwenyewe, anafua, baiskeli ndo gari lake, na kufundisha anaendelea.

ZUU: Hapo kanigusa. Maprofesa wetu wengine hata spika ya darasani wanabebewa.

BENI: Usinichongee. Sasa 2008 serikali ina miradi ya umeme huko juu kabisa milimani, mto unaitwa Bhagirathi, ndo mmoja wa mito inayoizaa Ganga. Mzee akagoma kula. 2009 akagoma tena. 2010 tena. Mwisho wa siku mradi mmoja wa hukohuko, Loharinag Pala, ukafutwa, na kazi ilikuwa imeshaanza, pesa imeshamwagika, megawati 600.

ZUU: Ngoja hapo kaka Beni. Megawati 600 unazitupa hivihivi? Bwawa letu la Mwalimu Nyerere ni 2,115, kwahiyo hiyo ni zaidi ya robo ya Rufiji, na wewe umeme ukikatika nusu saa tu unapiga kelele kwenye grupu.

BENI: Napiga, sikatai. Ila sikia uhandisi wake ulivyo. Ile sio kama Rufiji, ziwa kubwa. Pale wanauziba mto kidogo, maji wanayaingiza kwenye handaki ndani ya mlima, yanakwenda kilomita kadhaa humo gizani, yanaporomoka kwenye mitambo, yanarudishwa mtoni huko chini. Kwenye makaratasi inaandikwa maji yote yanarudi, na kweli yanarudi, ila kile kipande cha katikati kinabaki mawe. Na miradi iko mingi imefuatana, huyu anayatoa yule anayameza, sa mto unaishi mahandakini. Mtu wa kawaida ukimwambia hivyo anaitikia tu, ila huyu michoro anaisoma, alianzia kazi hukohuko, utamdanganya na nini?

ZUU: Kweli, mganga wa kienyeji humdanganyi na mizizi.

BENI: Hahaha. 2011 akawa mtawa wa Kihindu kabisa, akaitwa Swami Gyan Swaroop Sanand. Watu wakasema ah sayansi kaiacha. Mi nasoma tofauti, nahisi hakuona mpaka kati ya hivyo viwili. Tarehe 22 Juni 2018 akaanza mgomo wa mwisho, Haridwar, anakunywa maji na asali tu, anaandika barua kwa Waziri Mkuu Narendra Modi, anataka sheria ya kuulinda mto na miradi ya juu isimame. Oktoba maji nayo akaacha, wakamchukua kwa nguvu mpaka hospitali ya Rishikesh, tarehe 11 akafariki. Modi akatuma rambirambi Twitter.

ZUU: Rambirambi ndo zikawahi. Ila kaka mi hapo tutagombana, kujinyima chakula mpaka roho itoke, kwangu hapana, dini yangu hairuhusu na hata bila dini, wale wanafunzi wake walikuwa bado wanamhitaji.

BENI: Hilo siwezi kukubishia. Nakwambia tu mwili wake aliuwasia hospitali ileile, chuo cha madaktari, wanafunzi wausomee.

ZUU: ...Aisee.

BENI: Eeh.

ZUU: Chai yenyewe imepoa. Weka muziki kidogo, turudi na maswali ya wasikilizaji.