Kiungo Kinachosikia Mkono

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Nashukuru kwa kunialika. Nimerudi nyumbani baada ya miaka mingi ya kukereza vyuma Manchester, Uingereza, nikaombwa nieleze biashara niliyoifungua kule. Natengeneza viunzi vya vikaragosi.

Kiunzi ni mifupa ya ndani ya mwanasesere. Mmeziona zile filamu ambazo kikaragosi kinasogezwa kidogo, kinapigwa picha, kinasogezwa tena, kinapigwa nyingine, mpaka picha zikipita mfululizo kinaonekana kinatembea. Wenyewe wanaziita stopu-mosheni. Sekunde moja ya filamu inakula picha 24. Wengi hupiga picha mbili kwa kila mkao, kwa hiyo ni mikao 12 kwa sekunde, 720 kwa dakika. Kiwiko cha mwanasesere wa sentimita 28 kinaweza kushikwa na kidole cha mtu mara 720 ili mpate dakika moja ya kutazama. Ndani ya kiwiko hicho ndimo ilimo kazi yangu.

Kiungo kinatakiwa kisogee mkono unapotaka, na kisisogee mkono ukishaondoka. Kikilegea, mkono wa kikaragosi unashuka polepole kati ya picha na picha, na huoni mpaka jioni unapotazama ulichopiga. Kikikazwa mno, ukisukuma kiganja mwili mzima unatikisika na mkao wote umepotea. Katikati ya hayo mawili kuna ukazo mmoja tu ulio sawa, na huo ukazo ndio bidhaa yangu. Chuma kila mtu anacho.

Nawaeleza jinsi kinavyotengenezwa, maana humo ndimo biashara inapokufa au kupona. Chukueni gololi ya beringi, tuseme ya milimita 6. Ukiipeleka kwenye mashine ya kutoboa hivihivi, keekee inateleza juu yake na kuvunjika, kwa sababu gololi imekomazwa kiwandani. Inabidi uilainishe. Unaichoma mpaka iive nyekundu, kisha unaizika kwenye majivu makavu ipoe taratibu, usiku kucha. Ukiitumbukiza kwenye maji umeikomaza upya. Asubuhi unaitoa, nyeusi, haivutii macho, lakini sasa inatoboka. Unatoboa, unaingiza kijiti cha chuma, unakilehemu kwa lehemu ya fedha. Kisha unaisugua mpaka ing'ae tena, kwa sababu mkwaruzo mdogo tu utausikia kwenye kidole kila kiungo kinapozunguka.

Halafu unachukua vipande viwili vya chuma bapa, unavitoboa matundu madogo kuliko gololi, ili gololi ikae juu ya ukingo wa tundu isidumbukie. Gololi moja huku, nyingine kule, bolti katikati inavibana. Ukikaza bolti, vipande vinaikumbatia gololi. Vikigusana vyenyewe kwa vyenyewe, umekosea: unakaza bolti na gololi haihisi chochote. Mwisho unaosha kila kitu kwa spiriti. Mafuta kidogo ya kidole chako yanatosha kukifanya kiungo kiteleze.

Marehemu baba yangu alikuwa mkereza vyuma mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam. Hakuwahi kuona filamu ya vikaragosi, lakini alinifundisha kufunga macho na kuzungusha kitu mkononi kabla ya kumkabidhi mwenyewe. Mpaka leo sitoi kiungo karakanani bila kukizungusha nimefumba macho.

Sasa biashara. Vijana wengi huniuliza waanze na mashine gani, nami nawajibu waanze na kiungo kimoja. Usitengeneze kiunzi kizima. Tengeneza kiwiko, kimoja, kizuri, umtumie mteja akishike. Mimi wateja wangu watatu wa kwanza niliwapata hivyo: nilifunga kiwiko kwenye bahasha, nikaandika ukubwa wa gololi na kwamba bisibisi ndogo inatosha kukikaza. Picha kwenye simu inaonyesha kiungo kinang'aa. Ukazo haupigwi picha.

Bei nayo msiikisie. Hesabuni viungo. Mwanasesere wa kawaida ana vifundo viwili vya mguu, magoti mawili, nyonga mbili, viungo viwili vya mgongo, mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mkono, shingo moja. Hivyo ni 15. Ongeza vidole vya miguu viwili ili aweze kutembea bila kuburura nyayo: 17. Kila kiungo kikikuchukua dakika 40, umetumia saa 11 na dakika 20 kabla hujaunganisha chochote. Ukitaja bei ya siku moja, umefanya kazi bure. Chukua nusu ya malipo kwanza, na mteja akuchoree kikaragosi kwa ukubwa wake halisi, aweke sahihi. Mchoro huo utunze. Siku akihitaji goti jingine, huanzi upya.

Kuna viunzi vya waya wa alumini pia, nyuzi mbili au tatu zilizosokotwa pamoja. Ni rahisi, na wanafunzi huvihitaji. Lakini waya ukikunjwa mahali pamoja mara nyingi hukatika, na hukatika ndani ya ngozi ya kikaragosi, pasipoonekana. Viuzeni, ila mteja aambiwe ukweli huo kabla hajalipa.

Nami nimewahi kumwangusha mteja. Nyayo za kikaragosi huwa na tundu lenye meno ya bolti, kwa sababu meza ya kupigia picha ina matundu, na bolti hupita chini ya meza ikamshika mwanasesere asianguke anapoinua mguu mwingine. Nilitengeneza nyayo za alumini ili ziwe nyepesi. Alumini ni laini. Mteja alifunga na kufungua, akafunga na kufungua, kila hatua, mpaka meno yakaliwa. Siku ya nane ya kupiga tukio moja, mwanasesere alianguka. Mama yule alinipigia simu, hakugomba, aliniambia tu, "Ameanguka." Nilisafiri usiku ule na nyayo mpya za chuma mfukoni. Nilimtengenezea kiunzi cha pili bila kumtoza, na siku zake nane sikuweza kumrudishia. Tangu hapo nyayo zangu zote ni chuma, na kwenye ngozi ya silikoni, pale gotini na kiwikoni, namwomba mfinyanzi anayeitengeneza aache kitundu cha kupitisha bisibisi.

Kule Manchester nimeikuta historia ya kazi hii. Ian Mackinnon na Peter Saunders walitoka studio ya Cosgrove Hall, wakaanzisha karakana yao mwaka 1992. Kwenye vikaragosi walivyotengenezea filamu ya Corpse Bride, ya mwaka 2005, waliweka gia ndogo ndani ya kichwa: unaingiza ufunguo sikioni, unazungusha, mdomo unatabasamu. Walianza kwa kufanya kazi kwenye studio ya wengine, nami nawashauri msione haya kufanya hivyo.

Na kama mtu atawaambia hii ni michezo ya watoto, mwelezeni habari ya King Kong, lile sokwe kubwa la filamu. Vikaragosi vya filamu ile ya mwaka 1933 vilijengwa na Marcel Delgado kwa ajili ya Willis O'Brien, fundi wa kuvisogeza na kuvipiga picha. Mpira na manyoya ya sungura vilivyofunika mifupa vikaoza. Kiunzi kimoja cha sentimita 56 kikabaki, na mwaka 2009 kiliuzwa kwenye mnada wa Christie's, London, kwa zaidi ya pauni 120,000. Mtu alilipia mifupa mitupu. Nilipoiona picha yake nilitazama magoti kwanza.

Nimeleta viwiko vitatu, viko pale mezani. Viwili viko sawa. Cha tatu vipande vyake vinagusana, nimekitengeneza hivyo makusudi, na kwa macho hamtakitambua. Pitisheni mkono kwa mkono, mfumbe macho, kisha mniambie ni kipi.