Mita yangu ya gesi ilinyamaza, na bado mnasema naringa

Haya, mambo vipi watu wangu wa mwisho wa reli! Leo msishangae kuona mwembe, mmezoea ule ukuta wangu wa Coventry, Uingereza. Nipo nyumbani Ujiji, likizo ya wiki mbili, na huyo mnayemsikia nyuma ni mama na redio yake. Simwambii azime, nyumba ni yake.

Najua nilitangaza video ya viza. Itasubiri. Tangu niweke ile bili ya gesi swali linalokuja ni lilelile: "Si ulituambia huko mita inajisoma yenyewe? Sasa unalia nini?" Na yupo mmoja, tumekua naye Katubuka, kaandika: "Sisi tunapuliza mkaa, wewe unatuletea habari za mita." Ndugu yangu, mtu anaringaje na bili ya pauni 190 ya miezi miwili? Aprili na Mei, tena, baridi imeshaondoka.

Sikilizeni. Kule gesi inakuja kwa bomba chini ya ardhi, mita iko nje kwenye boksi lake. Haichomekwi kwenye umeme, maana cheche na gesi hawakai nyumba moja. Inatumia betri ya ndani, na ili betri idumu miaka, mita inalala. Kila nusu saa inaamka, inarusha namba zake kwa redio mpaka kwenye kisanduku kilichokaa juu ya mita ya umeme, inalala tena. Kisanduku ndicho chenye mtandao wa simu, ndicho kinachopeleka habari kwa kampuni. (Uingereza ya kaskazini na Scotland wao wanatumia redio ya masafa marefu, kwa hiyo wa Glasgow msinisahihishe.) Halafu kuna kioo kidogo cha kuweka jikoni, cha kukuonyesha pesa zinavyoteketea.

Sasa mimi nikipiga simu huduma kwa wateja, naambiwa: zima kioo, washa kioo. Dakika arobaini za muziki, halafu zima kioo, washa kioo. Mara tatu! Mtu wa Kigoma hahitaji kufundishwa hili. Rimoti ya LUKU, ile mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, ikiisha betri, utashindwa kuingiza tokeni, lakini mita kule kwenye nguzo inaendelea kula yuniti zako kama kawaida. Kioo ni hiyo rimoti. Hata ukikitupa ziwani, mita inaendelea kutuma.

Kilichonifumbua macho ni bili yenyewe. Upande wa umeme waliandika usomaji halisi, upande wa gesi wakaandika makadirio. Basi nikajua kisanduku hakijaharibika na mtandao upo, vinginevyo vyote viwili vingenyamaza. Nikaenda kwenye boksi, nikabonyeza kitufe, skrini ikawaka. Betri nayo ipo. Ingebaki giza, ningewaambia walete fundi, kwa sababu ile mita imefungwa kwa lakiri na hairuhusiwi kufunguliwa. Nyie mliozoea kumwita kijana wa mtaani na bisibisi yake, hapo hapana. Na ukisikia harufu ya gesi, habari ya usomaji iache, toka nje upige namba ya dharura.

Imebaki nini? Njia kati ya mita na kisanduku. Nikakumbuka mwezi Machi alikuja fundi akabadilisha kisanduku, nikakosa zamu nzima ya kazi kumsubiri, yaani siku bila malipo. Kisanduku kikibadilishwa, mita ya gesi lazima iunganishwe nacho upya. Ya umeme aliiunganisha. Ya gesi akaiacha inaita mtu ambaye hayupo.

Nilipowaeleza hivyo wakaniuliza, "Wewe ni mhandisi?" Mimi naosha wazee, dada. Tukaanza makaratasi: namba ya mita kwenye akaunti haifanani na iliyoandikwa kwenye mita, leta mkataba wa pango, leta picha. Na hapa nikubali kosa langu. Mita inaonyesha 01432.587, mimi nikawatumia tarakimu zote nane. Wao wanataka zile tano za mbele tu, za baada ya nukta unaziacha. Kompyuta yao ikaamini nimechoma gesi ya kiwanda cha saruji. Wiki nyingine mbili zikaenda hapo.

Mwishowe waliiunganisha kutoka hukohuko ofisini, bila fundi kuja. Bili ikashuka hadi pauni 71, tofauti wakaiacha kwenye akaunti yangu. Kumbe mita haikuacha kuhesabu hata siku moja, iliacha kusema tu, na wao wakakisia kwa matumizi ya mpangaji wa kabla yangu. Sijui alikuwa anapikia kijiji kizima.

Na wakati huohuo, shemeji yangu, najua unatazama, unanitumia ujumbe kwamba nimegoma kuchangia bati za Mwandiga kwa sababu "Ulaya imenibadilisha". Bati zako zilikuwa kwenye hizo pauni 190. Tuliache.

Mimi sasa napiga picha ya mita kila tarehe mosi, namba na tarehe zionekane. Nafanya hivyo kwa sababu ya yaliyonikuta, mwingine kampuni yake haimsumbui kabisa. Na tangu 2018 ipo kanuni kwamba wakichelewa kukutoza kwa kosa lao, hawaruhusiwi kudai gesi ya zaidi ya miezi 12 nyuma. Kosa likiwa lako, kwa mfano umewazuia kusoma mita, hiyo haikulindi.

Mama ananiita nikapokee migebuka. Kabla sijazima: tarehe mosi ilikuwa juzi, nikamwomba jirani yangu Mkongo anipigie picha ya mita. Kaituma asubuhi hii, safi kabisa, inasomeka vizuri. Ni ya umeme.