Betri ya Droni Ikifura: Usiitoboe, Usiipandishe Ndege, na Haki Yako ya Waranti Usiiache

Asalaam aleikum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa droni mliojaa hapo nyuma, karibuni. Nimeombwa nizungumze juu ya betri za droni zinazofura na nitasema waziwazi manake jambo lenyewe linaniuma. Hapa Lamu siku hizi harusi kubwa inataka picha za juu, mashindano ya majahazi yanataka, hoteli za Shela zinataka, na vijana wengi wanakula kwa kazi hiyo, lakini betri ikianza kuharibika wengi wanaendelea kurusha tu mpaka siku itakapoanguka, au wanaibeba mbiombio kwa aliyewauzia bila ushahidi wowote, wanarudi mikono mitupu.

Ninachotaka mkishike leo ni kimoja. Betri ikishafura haisafiri, kinachosafiri ni ushahidi wake.

Sasa tuifahamu kwanza. Betri nyingi za droni ni za lithiamu polima, yaani ndani mna seli, vile vipande vidogo vya kuweka umeme, zilizofungwa kwa mfuko mwembamba wa alumini na plastiki, hakuna kopo gumu la chuma. Seli ya kawaida ni volti 3.7, ikijaa kabisa ni 4.2, na ziko zile za volti ya juu zinazofika 4.35 au 4.4. Ndani ya ule mfuko mna majimaji ya kemikali ya kupitisha umeme, na hayo yakipata joto jingi, au seli ikinyonywa mpaka chini ya volti 3, au ikiachwa imejaa pomoni wiki baada ya wiki, yanaanza kuvunjika na kutoa gesi. Gesi haina pa kutokea kwa sababu mfuko umezibwa, basi mfuko unainuka kama hamri kwenye mafuta. Na katika gesi hizo zimo zinazowaka. Kwa hivyo akitokea mtu akakwambia chukua sindano, toboa, itoe hewa halafu bandika selotepu, mkatalie palepale hata kama ni fundi mwenye jina mji mzima. Ukitoboa unaingiza hewa na unyevu, na ile sindano inaweza kugusanisha chanya na hasi humo ndani, na moto wa betri ukishaanza seli moja inaiwasha jirani yake.

Na huku petu betri zinapata taabu zaidi. Fikirieni kijana amepanda boti Mokowe saa sita mchana, begi lake ni jeusi, ameliweka mbele juani, akifika Kipungani kile kitambaa kinachoma mkono, na hata hajarusha bado. Anarusha, jua kali, mteja anasema kidogo tena, kidogo tena, mpaka simu inapiga kelele nyekundu, anashusha, anaitoa betri ya moto anaichomeka kwa chaja moja kwa moja kwa jenereta kwa sababu bwana harusi anakaribia kutoka. DJI, ile kampuni inayotengeneza droni, kwa betri zao nyingi wameandika chaji iwe kwenye joto la kati ya digrii 5 na 40, na betri iliyoshuka hewani sasa hivi kwa joto letu hili mara nyingi imeshavuka hapo. Iache ipoe. Iweke kivulini penye upepo, uishike, ukiona haina joto ndiyo uichaji. Na mwambie mteja tangu asubuhi kwamba droni inashuka ikibaki asilimia 25 au 30, hilo ni sehemu ya bei, halina mjadala.

Kitu kingine kinachoua betri hapa ni msimu. Kusi ikishika, mvua na upepo wa Mei na Juni, wageni hakuna, droni inawekwa kabatini na betri zake zote zimejaa asilimia 100, eti zikae tayari. Hapana. Ya kukaa iwe kati ya asilimia 40 na 65, kila seli kama volti 3.8 hivi. Betri nyingi mpya zina akili ya kujipunguza zenyewe zikikaa siku kadhaa, ndiyo maana unaweza kuishika ukaikuta vuguvugu bila kuifanya chochote, usishtuke. Lakini nazo usizitegemee ukalala, kila miezi mitatu zitoe, zichaji, zitumie, zirudishe.

Haya, utajuaje imefura? Wengi wanaangalia kwa macho tu wakiwa wameisimamisha, na mwanzo wa kufura hauonekani hivyo. Itoe kwenye droni, iache ipoe kabisa, ilaze juu ya kioo cha meza au marumaru, halafu iguse pembeni kwa kidole kimoja tu. Betri nzima, iliyo bapa tangu dukani, inakaa imetulia. Iliyofura ina tumbo, basi inayumba, na ukiisukuma inazunguka juu ya lile tumbo. Kisha weka rula ya chuma juu yake kwa ubavu wake mwembamba, inama, tazama kwenye mwanga, ukiona upenyo kwenye ncha mbili za rula na katikati imegusa, hiyo imefura. Dalili nyingine iko kwenye droni yenyewe: betri inaingia kwa kusukumwa, vile vibonyezo vya ubavuni havisikiki vikisema klik vyote viwili, au mfuniko wa nyuma unakataa kufunga. Watu wanaikandamiza kwa kiganja mpaka iingie. Wallahi hapo ndipo roho yangu inaporuka, kwa sababu ile betri iliyosukumwa ikipata mtikisiko juu inaweza kuchomoka, na droni haina bawa la kuelea, ikikosa umeme inashuka wima, na chini yake pale Mkunguni wamekaa wazee wetu na watoto wanacheza.

Kuna wanaosema, aa, imefura kidogo tu, ikipoa itarudi. Ikishapoa na bado ina tumbo, kazi yake imekwisha, iwe asilimia ngapi kwenye simu. Usiichaji tena, hata kuijaribu.

Ukishajua imefura, kabla hujapiga simu popote, iweke mahali salama. Vichwa vyake vya shaba vizibe kwa tepu ya umeme visigusane na kitu. Tafuta debe la bati au chungu, tia mchanga mkavu, na nikisema mkavu nina maana ya mkavu, si ule wa ufukweni wenye chumvi na unyevu. Izike humo, mfuniko uwekwe tu usikazwe, kwa sababu gesi ikitoka inataka njia. Debe likae nje juu ya mawe, mbali na makuti, mbali na magodoro, mbali na waya wa stima. Nyumba zetu za Mkomani na Langoni zimegusana, dari ni boriti, vichochoro vinapita punda wawili kwa shida, gari la zimamoto halina pa kuingilia, kwa hivyo moto wa betri ndani ya nyumba ya mji huu ni moto wa majirani wote. Ikianza kufuka moshi usiishike, toeni watu, na nyinyi mabaharia mnajua, simama joshini, upande upepo unakotoka, usisimame demani, upande unakokwenda, ule moshi una sumu inayochoma mapafu. Maji mengi yanasaidia kwa sababu yanapoza, mchanga wenyewe unazuia tu moto usitambae. Na baharini usiitupe, hata jaani usiitupe, pale panapochomwa taka na punda wanapekua.

Tukija kwenye waranti, hapa nataka mnisikize sana akina dada na akina kaka mnaoishi kwa kazi hii. Ushahidi unakusanywa siku hiyohiyo. Piga picha ile betri ikiwa juu ya kioo na rula, kutoka ubavuni, picha ya juu peke yake haionyeshi kitu. Rekodi video fupi ikizunguka. Piga picha ya namba yake iliyoandikwa mwilini, isomeke. Fungua programu ya droni kwenye simu, kama kabla ya hapo betri iliwahi kusomwa utakuta rekodi za safari, na ziko betri zinazoonyesha mizunguko ya chaji, yaani imejazwa na kutumiwa mara ngapi, na volti za kila seli, hifadhi hiyo skrini. Risiti nayo, yenye tarehe. Hiyo mizunguko ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa mfano DJI kwa droni zao kadhaa betri waliiwekea waranti ya miezi 6 tu na mizunguko isiyofika 200, wakati droni yenyewe ilikuwa na muda mrefu zaidi. Kwa hivyo soma ya betri, usisome ya droni ukafurahi. Na usiifungue ganda, ukishafungua tu umewapa sababu.

Kuna dada mmoja wa huku anayepiga picha za harusi, aliandikia duka alilonunua, jibu likaja la mstari mmoja: ilete Nairobi tuione. Yeye akaanza kutafuta tiketi ya ndege ya Manda. Nikamwambia simama. Kwenye ndege za abiria betri nzima isiyozidi wati-saa 100, hicho ni kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri, unabeba mkononi, na nyingi za droni zetu ziko chini ya hapo, ya droni ya DJI Mini 2 ni kama 17 na ya DJI Mavic 2 ni kama 59, lakini sheria za usafiri wa anga zinakataza kabisa betri iliyoharibika au kufura, mkononi hairuhusiwi, kwenye mzigo hairuhusiwi, na haijalishi ni ndogo kiasi gani. Kuificha kwenye begi ni kuchezea roho za watu. Na kuitia kwa basi la Mombasa chini ya viti, joto la barabara ya Garsen lile, ni hatari ileile, tofauti ni kwamba hakuna anayekukagua.

Akawajibu kwa maandishi, kwa upole, kwamba betri imefura, hairuhusiwi kupanda ndege, hizi hapa picha, video, namba na risiti, tafadhali amueni kwa ushahidi huu au mniambie ni msafirishaji gani mwenye kibali cha mizigo ya hatari mtakayemtuma kwa gharama yenu. Waliposoma hivyo mazungumzo yakabadilika, wakamtumia nyingine. Andikeni hivyohivyo. Simu haina ushahidi, barua pepe inao.

Na wakikwambia bidhaa ikishauzwa hairudi, kile kibao cha ukutani hakifuti sheria. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro. Iko Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012, na iko mahakama ya madai madogo kwa sheria ya 2016, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Lakini ukweli lazima usemwe pia: kama betri ilizama baharini, au ulitumia chaja ya kubahatisha, usiende kudai kwa uongo. Unawaharibia wenzako wenye haki.

Ikija mpya, itazame kwenye kioo kabla hujaichaji mara ya kwanza, piga picha, andika tarehe kwa tepu ubavuni, na uwaulize waranti ya hii inahesabiwa kuanzia leo au inaendelea na ya zamani, wakujibu kwa maandishi.

Zile mbovu zilizobaki majumbani, Nairobi kuna kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za umeme, na shida yetu ni kuzivusha maji na kuzifikisha kule salama. Mmoja mmoja hatuwezi, ila zikiwa nyingi tunaweza kuwaandikia pamoja watueleze zifungwe vipi na zichukuliwe na nani. Kwa hivyo mwenye betri iliyofura nyumbani, asiilete hapa, aje tu aandike kwa hili daftari jina la mtaa, aina ya betri na iko ngapi. Daftari liko kwa mlango, na kalamu iko. Maswali sasa, tuanze na huyo mama aliyeinua mkono.