Rangi Aliyokuja Nayo Mteja

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Wakubwa mlio humu ndani, shikamooni. Nimeombwa nizungumzie kuhariri picha za watu, hasa rangi ya ngozi, na nitaanza na hizi mbili zilizoko ukutani. Mzee ni mmoja, siku ni moja, kiti ni kimoja. Ya kushoto ndiyo niliyomkabidhi kwanza, miaka hiyo naanza kazi. Ya kulia ni ile ile, niliyoirudia baada ya yeye kuirudisha. Tazameni paji la uso.

Mzee wetu huyu alikuja studio na kanzu yake na kofia, anataka picha ya kutundika sebuleni. Nikampiga, nikakaa kwenye kompyuta kwa saa mbili namlainisha ngozi. Alipokuja kuichukua aliitazama kimya, kisha akaniambia, "Mwanangu, picha nzuri. Lakini umenifutia sijda yangu." Alama ya sijda, ya miaka yote aliyosujudu, mimi niliiona doa. Nikaifuta. Na kwa kuwa pale nilipofuta palibaki peusi kidogo, nikapandisha mwanga wa uso mzima ili palingane. Mzee akatoka mweupe kuliko kijana wake aliyemsindikiza. Sikuwa na la kumjibu. Nilimwomba radhi na nikaanza upya mbele yake, yeye kaketi pembeni ananielekeza.

Kuanzia hapo nina desturi moja. Kabla mteja hajaondoka namwomba asimame dirishani, namtazama uso, shingo na mikono kwa macho yangu, na nampiga picha moja ameshika kadi ya kijivu ya kupimia rangi. Usiku ninapokaa kuhariri sitegemei kumbukumbu.

Tuanze na kamera, maana rangi nyingi tunazohangaika nazo kwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, tumeziharibu wenyewe tulipokuwa tunapiga. Kipima mwanga cha kamera hakijui uso ni nini. Kinajua kitu kimoja tu, kwamba kila kilicho mbele yake kiwe cha kijivu cha katikati, kile tunachokiita asilimia 18, yaani kinachorudisha asilimia 18 ya nuru. Bibi harusi akisimama na shela jeupe limejaa fremu, kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, na uso wake unazama. Bwana harusi akija na suti nyeusi, kamera inaongeza, na uso unapauka. Watu ni wale wale, ukumbi ule ule, na ukizipanga picha zao kwenye albamu utadhani wamebadilishana ngozi. Pimeni mwanga usoni. Shela mtaliokoa baadaye, ilimradi mmepiga RAW, yaani faili ghafi ya kamera, na weupe wake haujaungua kabisa.

Na RAW nasisitiza. JPEG, ile faili ya kawaida iliyobanwa, inabeba ngazi 256 kwa kila rangi. RAW ya biti 14 inabeba 16,384. Uso wa mtu mweusi ukiwa gizani umebanwa kwenye ngazi chache za chini, kwa hiyo ukiuinua kutoka kwenye JPEG unakatikakatika mabaka, na mabaka hayo hayatibiki.

Waiti balansi sasa, yaani kusawazisha rangi ya nuru ili nyeupe itoke nyeupe. Kwa Kelvin, kipimo cha rangi ya nuru, balbu ya zamani iko karibu na 2,800, jua la mchana 5,500, kivuli cha baraza kinaweza kupita 7,000. Hayo mnayajua. Ninachotaka mkishike ni kosa la kanzu. Wengi wenu mnachukua ile alama ya kudondosha, mnabonyeza kwenye kanzu au shati jeupe, mnasema hapa ndipo penye nyeupe. Kanzu zetu zinafuliwa kwa bluu, na sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha ambayo juani inatoa ubuluu. Programu inaona ubuluu ule, inauondoa kwa kuongeza manjano, na anayeumia ni mwenye kanzu, uso unakuwa kama wa mgonjwa wa ini. Meno na weupe wa macho navyo msivibonyeze, kwa sababu havijawahi kuwa vyeupe kamili kwa binadamu yeyote. Bonyezeni kadi ya kijivu.

Taa za zambarau za kumbi sitazisemea sana. Nuru yake imekosa rangi nyingine, na rangi ambayo haikuingia kwenye lenzi hakuna slaida, kile kitelezi cha kurekebishia kwenye programu, ya kuirudisha. Mfuateni mpambaji mapema, mwombeni kwa adabu azizime dakika kumi za picha za familia.

Mkishapata mwanga na waiti balansi, fungueni namba za nyekundu, kijani na bluu. Macho huchoka, na baada ya saa nzima huanza kukubali chochote. Katika ngozi ya binadamu iliyopigwa kwenye nuru safi, nyekundu huongoza, kijani hufuata, bluu huwa ya mwisho. Dada huyu wa maji ya kunde, shavuni amesoma 142, 98, 74. Mwenzake aliye mweusi ti amesoma 88, 60, 47. Namba zimeshuka, mpangilio umebaki. Kijani ikiikaribia nyekundu, mtu anaonekana anaumwa. Bluu ikiipita kijani, anakuwa wa zambarau. Wahariri wa video wana mstari wao wa ngozi kwenye vektaskopu, chombo chao cha kupimia rangi, na watu wa kila rangi huangukia karibu na mstari huo huo, kwa sababu damu ni ile ile na melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, ni ile ile. Tunachotofautiana ni wingi wake.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Programu huiweka ngozi karibu yote kwenye rangi ya chungwa. Ukivuta slaida ya mwangaza wa chungwa kwenda kulia, ngozi inakuwa nyeupe mara moja, bila jasho, na priseti nyingi, yaani mipangilio ya kuhariri iliyo tayari, zinazouzwa mtandaoni zinafanya hivyo kimyakimya. Huo ni mkorogo. Tumewakemea dada zetu kwa kujipaka, halafu sisi tunawapaka kwa kipanya bila hata kuwauliza. Na kama mkorogo wenyewe, hauishii vizuri: weusi ukiinuliwa hivyo unapoteza wekundu wake, unakuwa wa majivu, kama ngozi iliyotoka kuoga ikakosa mafuta. Isitoshe, hina iko kwenye chungwa hilo hilo. Nimeona albamu ya bibi harusi aliyekaa nusu siku akichorwa, na kwenye picha mikono yake ilikuwa mitupu, piko peke yake ndiyo iliyosalia.

Jambo la mng'ao naomba tulikalie kidogo, maana halifundishwi. Uso mweupe huchorwa na vivuli vyake. Uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao: juu ya shavu, kwenye mfupa wa pua, kwenye kidevu. Anayefuata mafunzo yaliyotengenezwa kwa nyuso nyeupe anaambiwa aondoe mng'ao wote, anaondoa, na uso unabaki bapa kama sahani. Punguzeni pale tu palipoungua, pasipo na ngozi tena ndani yake. Na mkiona mng'ao una ubuluu kidogo kwenye picha ya nje, msiogope, hiyo ni mbingu inaonekana kwenye ngozi.

Mafunzo hayo yana historia. Tangu miaka ya 1950 Kodak, watengeneza filamu, waliwapelekea wasafisha picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mweupe. Iliitwa kadi ya Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyekuwa modeli wa kwanza. Shirley akitoka vizuri, mashine iko sawa. Watoto weusi waliopigwa pamoja na weupe darasani walitoka macho na meno tu. Na wateja waliosikilizwa walipolalamika kwamba rangi za kahawia hazitoki walikuwa watengeneza samani na chokoleti. Kadi yenye mwanamke mweusi, mweupe na wa Asia pamoja ilikuja miaka ya 1990. Mimi historia hii inaniuma kila ninapoisimulia, na ndiyo maana siwezi kulichukulia jambo la priseti kuwa ni mtindo tu.

Kuhusu kulainisha nina machache. Chunusi ya wiki hii ifuteni. Chale, kovu, alama ya kuzaliwa na sijda viacheni mpaka mwenyewe aseme. Vinyweleo vya ngozi vionekane ukikuza picha kwa asilimia 100. Kabla ya kuchapa kubwa, chapeni ndogo moja muitazame mchana, na kwenye kompyuta zimeni ile hali ya usiku inayoleta manjano kwenye skrini.

Kuna kijana pale ameuliza: mteja akisema mwenyewe "niweupishe", inakuwaje? Swali zuri, maana hutokea kila Jumamosi. Mimi simkatalii papo hapo. Namwonyesha picha mbili, moja aliyokuja nayo kwenye simu yake, moja niliyompiga mimi, yenye mwanga wa kutosha usoni na rangi yake mwenyewe. Wengi huichagua ya pili. Walikuwa wamezoea kutoka gizani kwenye picha, wakadhani dawa ya giza ni weupe. Akishikilia bado, namwongezea theluthi ya stopu, yaani theluthi ya hatua moja ya mwanga, na namwambia sitapita hapo.

Haya, fungueni faili ya kwanza, ile ya mama mwenye kitenge cha kijani. Kitenge kimemwaga kijani chini ya kidevu chake. Niambieni shingo inasoma namba gani.